Somo: Nyumba ya Kupanga Ikiharibika



Wapo wazazi kati yetu wenye watoto wanaopanga nyumba za halmashauri huko England, na salamu zao hazikosi habari za kuvu ukutani. Tuwashauri nini?

Tumkumbuke Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 wa mji wa Rochdale. Alifariki Desemba 2020 kwa maradhi ya kupumua yaliyoletwa na kuvu ya nyumbani kwao. Baba yake alianza kulalamika mwaka 2017. Aliambiwa apake rangi juu yake. Rangi!

Kwa sababu ya kifo hicho sheria ya England ilibadilishwa. Tangu tarehe 27 Oktoba 2025, hatari ya dharura katika nyumba hizo yapasa kushughulikiwa ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi.

Lakini siku hazianzi kuhesabiwa mpaka mwenye nyumba apate habari. Hapo wengi hujikwaa, maana husema na fundi mlangoni tu. Mpangaji na aandike, atie tarehe, apige picha, abaki na nakala. (Sisi walimu twajua: daftari lisilo na tarehe halisaidii kitu.) Asiporidhika, apeleke malalamiko rasmi, na baadaye kwa msuluhishi wa makazi, ambaye hatozi ada.

Wala asizuie kodi kwa hasira. Deni hilo laweza kumfikisha mahakamani na kumtoa nyumbani.