Mwendo Unasema, Lakini Si Kila Mara Unasema Kweli

Wahariri wameniomba somo fupi kwa ajili ya wenzetu wanaoanza mwaka. Kwa vile nasoma saikolojia, nimechagua jambo lililonigharimu mimi mwenyewe: jinsi watu wanavyokupima tabia kwa kuangalia unavyotembea, unavyokaa na unavyosogeza mikono, kabla hujafungua mdomo.

Nianze na yaliyonikuta. Muhula wangu wa kwanza hapa Uingereza, mhadhiri mmoja aliniandikia kwenye ripoti kwamba sijiamini na sionyeshi hamu ya somo. Nilishtuka, bwana! Kila wiki nilikuwa nimesoma kurasa zote alizotupa. Nilipomfuata ofisini akanieleza: nikiulizwa swali naangalia chini, nakaa nimejikunja, naingia darasani kwa kunyata kama mtu aliyekosea mlango. Jioni nikampigia mama simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, walitaka umkodolee macho mwalimu wako?"

Hapo ndipo tatizo lilipo. Nyumbani nilifundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, kupokea kitu kwa mikono miwili, na kutokimbilia viti vya mbele. Hiyo ni heshima. Hapa mwili uleule ulisomwa kuwa woga.

Wataalamu wameona nini?

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alichapisha jaribio ambalo mpaka leo tunafundishwa darasani. Alimwekea mtu alama za mwanga kwenye viungo: mabega, viwiko, nyonga, magoti na vifundo. Akampiga filamu kwa namna ambayo mwili wenyewe hauonekani, vinabaki vitone vyeupe tu kwenye giza. Vitone vikitulia, mtazamaji haelewi ni nini. Vikianza kusogea, papo hapo anasema: huyo ni mtu anatembea! Hakuna sura, hakuna nguo, hakuna rangi ya ngozi. Mwaka 1977 Cutting na Kozlowski wa Marekani wakaonyesha kwamba kwa vitone hivyo hivyo watu waliweza kuwatambua rafiki zao, mara nyingi kuliko kwa kubahatisha.

Basi macho yetu ni hodari wa kusoma mwendo. Lakini je, ni hodari wa kusoma tabia?

Mwaka 1993 Nalini Ambady na Robert Rosenthal wa Harvard waliwaonyesha watu wasiowajua walimu fulani vipande vya video visivyo na sauti, vya sekunde 10 tu kila kimoja. Maoni ya watazamaji hao yalikaribiana na alama ambazo wanafunzi wenyewe waliwapa walimu hao mwisho wa muhula. Wengi wakisikia habari hii husema: unaona, mtazamo wa kwanza haudanganyi! Taratibu jamani. Kilicholinganishwa pale ni maoni na maoni. Inawezekana wanafunzi nao walivutwa na mikono na uchangamfu uleule kwa muhula mzima.

Jaribio linalotufaa zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Durham, hapahapa Uingereza, mwaka 2012. Thoresen na wenzake walitumia vitone vya mwanga kama vya Johansson, wakawauliza watazamaji: huyu anayetembea ni mtu wa namna gani? Watazamaji walikubaliana sana. Aliyetembea kwa kujiachia walimwona mchangamfu na mpenda kujaribu mambo. Aliyebana mwendo walimwona mtu wa wasiwasi. Kisha majibu hayo yakalinganishwa na yale waliyosema watembeaji kuhusu tabia zao wenyewe. Hayakuoana!

Hilo ndilo somo la leo. Watu kukubaliana juu yako haina maana kwamba wamekujua. Watu ishirini wakikosea pamoja, bado wamekosea.

Tena msikubali ile hadithi ya semina za kutafuta kazi kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano na 93 ni sauti na uso. Tarakimu hizo zilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967 kuhusu hisia za kupenda na kutopenda, na sauti zilipimwa kwa neno mojamoja. Hakupima mazungumzo ya kawaida wala usaili wa kazi.

Na mimi nikamfanyia mwingine

Mwaka uliofuata alifika jamaa mmoja kutoka nyumbani. Akija kwenye mikutano yetu anatembea polepole, kidevu juu, hageuki huku wala huku. Tukambatiza "Balozi". Tukasema anaringa. Tulipopika pilau hatukumwita, na tulipotafuta wa kuchangia nyumba hatukumwambia. Karibu mwezi wa tatu nikapanda naye ngazi kwa bahati tu, akasimama katikati ameshika ukuta. Goti lake lina chuma tangu ajali ya gari, akiharakisha linamuuma. Miezi yote hiyo alikuwa anakula peke yake chumbani. Kwa kweli niliona aibu. Mwalimu wangu alinisoma vibaya na nikalalamika. Mimi, ninayesomea mambo haya, nikafanya vilevile. Nilimwomba radhi, na leo tunaishi nyumba moja.

Basi tufanyeje?

Kwanza, wiki ya kwanza mwambie mwalimu wako kwa maneno: kwetu kuangalia chini ni adabu, si kwamba sikusikilizi. Mimi niliposema hivyo, ripoti ya pili ilikuwa tofauti kabisa.

Pili, kwenye usaili, hata ule wa kazi ya boksi, mtazame anayekuuliza wakati unajibu, mikono iwe mezani, ingia kwa mwendo wako wa kawaida. Huo si usaliti wa mila. Ni kama kubadili lugha: unaongea Kiingereza kazini na Kiswahili nyumbani, na bado ni wewe.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mgeni akiingia kwenye mkutano wetu, usimalize kumjua kabla hajakaa. Mfuate, msalimie, muulize anatoka wapi na anasoma nini. Mwenda pole hajikwai, wazee walisema. Na wengine wanaenda pole kwa sababu goti linauma.

Karibuni mwaka mpya wa masomo.