Samaki Anayeitwa Satonda

Kibanda changu kiko Buzuruga, si mbali na stendi. Seva ninayoihudumia iko ng'ambo, sijawahi kuitia machoni. Kazi yake mojawapo ni kumtumia mama mmoja wa Mwaloni Kirumba orodha ya samaki wa siku, kila aina na mstari wake. Asubuhi ya kwanza akanipigia: "Mwanangu, satonda ndiyo samaki gani?" Simuni mwake lilikuwa limeingia neno moja tu: sangaransatondagaa.

1. Amri ya mbali husomwa mara mbili. Nilikuwa nimeandika:

ssh seva echo "sangara\nsato\ndagaa"

Sheli ya laptop yangu ilizivua alama za kunukuu, kisha ikapeleka kilichobaki. Sheli ya kule ikaukuta ule mkwaju wa nyuma hauna kinga, ikautupa, n ikabaki yatima. Mzigo wa Musoma ukiufunga kamba moja, nayo ikafunguliwa hapa hapa stendi, utafika umetapakaa. Basi nikafunga kamba mbili:

ssh seva 'printf "sangara\nsato\ndagaa\n"'

Alama moja-moja za nje huishia Buzuruga; zile mbili-mbili za ndani husafiri na kuilinda \n mpaka ifike mikononi mwa printf, ambayo ndiyo inayoigeuza kuwa mstari mpya.

2. Simwamini tena echo. Kabla ya printf nilijaribu echo -e, na kwenye bash ilikubali vizuri tu. Nilipoihamishia kwenye skripti inayoanza na #!/bin/sh, orodha ikafunguka na "-e sangara". Nilikesha nikiitafuta hiyo -e kwenye faili la samaki, mahali ambapo haikuwepo kabisa! Seva ni ya Ubuntu, na tangu 2006 sh ya Ubuntu ni dash, si bash. Echo ya dash hugeuza \n bila kuombwa, na -e kwake ni neno la kuchapwa kama maneno mengine.

3. Kigezo nacho kinukuliwe. Orodha ikiwa ndani ya kigezo, echo $orodha huibana mistari yote kuwa mmoja. Lakini echo "$orodha" huiacha ilivyo. Hili nililijua miaka, na bado lilinikamata.

Juzi mama aliniongezea furu kwenye orodha. Kabla ya kukata simu akauliza, "Na satonda, leo hawajavuliwa?"