Maji Yanayodondoka Chini ya Gari

Apitaye Darajani wakati wa kaskazi huona maji safi yakidondoka chini ya magari yaliyosimama huku injini zikinguruma. Maji hayo ni mvuke wa hewa yetu ya bahari, uliogeuka maji ulipogusa mabomba baridi ya kiyoyozi. Je, twaweza kuyatumia kukadiria kaboni dioksidi inayotolewa na gari kwa sababu ya kiyoyozi? Naam, na bila chombo chochote cha kupimia moshi.

Kwanza petroli. Kila gramu 12 za kaboni zikiungua kabisa hutoa gramu 44 za kaboni dioksidi. Lita moja ya petroli ina gramu zipatazo 640 za kaboni, basi hutoa kilo 2.3 za gesi hiyo. Wanafunzi hushangaa kwamba lita yenyewe haifiki hata kilo moja. Uzito uliozidi ni wa oksijeni iliyotoka hewani.

Sasa maji. Ili kupata lita moja ya maji kutokana na mvuke, kiyoyozi hakina budi kuondoa joto fiche la kilojuli 2,400 hivi. Tuchukulie kwamba kila kilojuli moja ya kazi ya kompresa huondoa kilojuli mbili za joto: kazi ni kilojuli 1,200. Kompresa huzungushwa na injini kwa mkanda, na injini tuipe ufanisi wa asilimia 25. Petroli itakayoungua ni ya kilojuli 4,800. Kwa kuwa lita ya petroli ina kilojuli 32,000 hivi, tumetumia lita 0.15, yaani kilo 0.35 za kaboni dioksidi kwa kila lita ya maji. Na hapo hatujahesabu kazi ya kuipoza hewa yenyewe.

Marekani hupima magari kiyoyozi kikiwaka, katika nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 40: gramu 16 hivi za mvuke katika mita moja ya ujazo. Unguja, nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 70, ni gramu 22. Kipimo cha ugenini, kwa hiyo, hakitutoshi.

Darasa litege beseni chini ya gari kwa nusu saa, mahali pa wazi, hewa ikiingizwa kutoka nje ya gari. Jaribio lirudiwe mwezi Julai, kusi ikivuma, kwa gari lile lile.