Somo la Sita: Vipuri na Nyongeza za Pikipiki

Katika kata ya Matiri, wilayani Mbinga, pikipiki si chombo cha fahari. Ndiyo inayopeleka gunia la kahawa kwenye ghala la chama cha msingi, ndiyo inayomfikisha mama mjamzito kwenye kituo cha afya usiku wa manane, na ndiyo riziki ya kijana aliyeikopa au kuichukua kwa mkataba. Milima ya Umatengo haimsamehe dereva mwenye breki mbovu. Miteremko ni mirefu, kona ni kali, na katika msimu wa mvua udongo huteleza. Kwa sababu hiyo kipuri cha shilingi elfu chache chaweza kuamua iwapo abiria atafika salama au la.

Katika somo hili tunaeleza mambo manne: aina za vipuri vilivyomo sokoni, jinsi ya kupata kipuri kinacholingana na chombo, jinsi ya kupima faida ya nyongeza zinazofungwa baada ya pikipiki kutoka kiwandani, na hatua za kuchukua pale mnunuzi anapouziwa kitu kisicho sahihi. Yanayosemwa hapa yamhusu dereva, mwenye pikipiki na fundi kwa pamoja.

1. Aina nne za vipuri

Wanunuzi wengi hugawa vipuri katika mafungu mawili tu: “orijino” na “feki”. Mgawanyo huo huwapotosha, kwa kuwa humfanya mtu alipe bei kubwa pasipo lazima, au akatae kitu kizuri kwa hofu. Sisi tunapendekeza mafungu manne.

*Vipuri asilia* ni vile vinavyotolewa kwa jina la kiwanda kilichotengeneza pikipiki yenyewe. Aghalabu huwa na namba ya kipuri iliyo katika orodha ya kiwanda hicho.

*Vipuri mbadala* ni vile vinavyotengenezwa na kiwanda kingine, kwa jina lake chenyewe, ili vifungwe kwenye pikipiki ya kiwanda cha kwanza. Hivi ni bidhaa halali. Vingine ni bora, vingine ni vya wastani, na vingine ni hafifu, lakini vyote husema wazi nani amevitengeneza.

*Vipuri bandia* ni vile vinavyovaa jina au alama ya kiwanda kisichovitengeneza. Kosa lake si kuwa vya bei nafuu. Kosa ni uongo ulioandikwa kwenye boksi. Kuviuza ni kinyume cha Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

*Vipuri vilivyotumika* ni vile vilivyotolewa kwenye pikipiki nyingine. Kuviuza si kosa iwapo muuzaji anasema wazi kuwa vimetumika. Hata hivyo, tunashauri visinunuliwe kwa ajili ya breki, matairi na mnyororo, kwa kuwa umri wake uliobaki hauonekani kwa macho.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si “Je, hii ni orijino?” Swali lenye manufaa ni hili: “Kimetengenezwa na nani, na jina hilo limeandikwa wapi?”

2. Namba ndiyo shahidi

Boksi laweza kuchapwa upya, lakini vipimo vya kipuri havidanganyi kirahisi. Mnunuzi anayefahamu namba chache hutoka dukani na kitu kinachoingia mahali pake.

*Mnyororo.* Pikipiki nyingi za injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 hutumia mnyororo wa namba 428, ambayo hugongwa kwenye vipande vyake. Katika mnyororo huo, pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7. Ukivuta mnyororo ukanyooka, kisha ukapima kutoka pini ya kwanza hadi ya ishirini na moja, utapata milimita 254 ukiwa mpya. Ukifika milimita 259 umeshavutika kwa takriban asilimia 2, na wakati wa kuubadilisha umewadia. Badilisha na sproketi zote mbili kwa pamoja, kwa maana meno yaliyolika huula mnyororo mpya mapema.

*Beringi.* Namba za beringi ni za kimataifa. Beringi ya 6301 ina tundu la milimita 12, upana wa nje wa milimita 37 na unene wa milimita 12, awe amekutengenezea nani. Ya 6202 ni 15, 35 na 11. Herufi 2RS zinazofuata namba huonyesha kuwa ina kifuniko cha mpira pande zote mbili. ZZ humaanisha kifuniko cha bati. Kwa vumbi la kiangazi na tope la masika, kifuniko cha mpira huilinda zaidi beringi ya gurudumu.

*Tairi.* Ubavuni mwa tairi kuna kipimo, mathalani 3.00-17, na pia kuna tarakimu nne zinazotaja juma na mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2319 humaanisha juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani kwa miaka mingi huwa gumu na kupasuka nyufa hata kama halijagusa barabara.

*Viatu vya breki.* Ngoma za breki hutofautiana kipenyo, zikiwemo za milimita 110 na 130. Kiatu kisicholingana chaweza kufungika kwa kulazimishwa, kisha kikagusa ngoma kwa sehemu ndogo tu. Dereva hatagundua kasoro hiyo kwenye uwanda, bali mteremkoni akiwa na abiria.

*Oili.* Pikipiki nyingi hutumia oili moja kwa injini na klachi. Kwa hiyo tafuta chombo chenye maandishi JASO MA. Oili nyingine za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, navyo huweza kuifanya klachi iteleze.

Kanuni iliyo rahisi kuliko zote ni kwenda dukani na kipuri cha zamani mkononi, kikiwa kimesafishwa. Vilinganishe viwili hivyo juu ya meza kabla ya kutoa fedha.

3. Bei ya kununua na gharama ya kutumia

Tuchukue mfano. Dereva wa Matiri anaona minyororo miwili katika duka la Mbinga mjini. Tuseme mmoja unauzwa shilingi 12,000 na hudumu miezi mitatu. Mwingine ni wa shilingi 27,000 na hudumu miezi tisa. Kwa kuangalia bei, wa kwanza ni nafuu kwa zaidi ya nusu. Kwa kuangalia muda, wa kwanza humgharimu shilingi 4,000 kila mwezi, na wa pili shilingi 3,000.

Hesabu hiyo bado haijamaliza. Katika miezi tisa atanunua mnyororo wa rahisi mara tatu. Atasafiri mjini mara tatu, atamlipa fundi mara tatu, na mara tatu pikipiki italala bila kazi ilhali fedha ya mkataba inamsubiri. Isitoshe, mnyororo hukatika ukiwa umebeba mzigo, wala haukatiki pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Hatusemi kwamba kitu cha bei kubwa ni bora daima. Tunasema kwamba mnunuzi agawanye bei kwa miezi ya matumizi kabla ya kusema rahisi au ghali. Daftari dogo lenye tarehe ya kufunga, jina la mtengenezaji na tarehe ya kuharibika litamfundisha dereva kuliko tangazo lolote. Madereva wa kijiwe kimoja wakiunganisha madaftari yao, kwa muda wa mwaka mmoja watakuwa na ushahidi wao wenyewe.

4. Nyongeza: inapendeza, je, inafaa?

Baada ya vipuri huja nyongeza: taa za ziada, keria ndefu, bampa, bomba la moshi lenye mlio, vioo vya mapambo na sproketi kubwa. Kila nyongeza hutoa kitu na kuchukua kitu. Muuzaji hutaja kinachotolewa. Ni kazi ya mnunuzi kuuliza kinachochukuliwa.

*Sproketi kubwa ya nyuma.* Pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma ina uwiano wa 3.00. Akiweka ya meno 45, uwiano huwa 3.21, yaani nguvu ya kupanda mlima huongezeka kwa asilimia 7 hivi. Kwa mbeba mizigo wa Umatengo faida hiyo ni ya kweli. Lakini kwenye lami ya kwenda Songea injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule na kutumia mafuta zaidi, na huenda mnyororo ukahitaji vipande vya ziada.

*Taa za ziada.* Taa mbili za wati 36 kwenye umeme wa volti 12 huvuta ampea 6. Waya na swichi za kiwandani hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Zikifungwa bila fyuzi na rilei, waya hupata joto na plastiki huyeyuka, na betri huisha nguvu mapema.

*Keria ndefu.* Mzigo unaokaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma huinua la mbele. Katika kupanda, usukani huwa mwepesi na pikipiki hukataa kukata kona.

*Bomba lenye mlio.* Huwasumbua wagonjwa na waliolala, na humwingiza dereva mashakani kwa askari wa usalama barabarani. Aidha, likibadili mtiririko wa moshi bila kabureta kurekebishwa, injini huweza kupata joto kupita kiasi.

*Vioo vya mapambo.* Kioo kisichoonyesha barabara ya nyuma si kioo, bali ni pambo.

Tena, pikipiki mpya huja na dhamana. Kabla ya kufunga kitu kisicho cha kiwanda, soma masharti ya dhamana hiyo au umwombe muuzaji akusomee, kwani nyongeza iliyofungwa vibaya yaweza kuwa sababu ya dai kukataliwa.

5. Hatua za kufuata dukani

1. Taja aina, ukubwa wa injini na mwaka wa pikipiki yako. Usiseme tu “ya kichina” au “ya kihindi”.
2. Tazama boksi. Jina na nchi ya mtengenezaji viwepo, maandishi yasiwe na makosa ya tahajia, na lakiri isiwe imefunguliwa.
3. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, hasa kwa kofia ngumu. Kumbuka pia kwamba alama nayo huweza kughushiwa, hivyo isiwe ushahidi wako wa pekee.
4. Jihadhari na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine yote kwa jina lilelile.
5. Ukimtuma fundi akununulie, mwambie akuletee boksi, risiti na kipuri cha zamani.
6. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Kwa mfanyabiashara mdogo asiyewajibika kuwa na mashine, dai stakabadhi ya mkono yenye jina la duka, tarehe, bei na jina la kipuri.
7. Baada ya kufunga breki mpya, zijaribu polepole mahali tambarare kabla ya kupakia abiria.
8. Ukitupa boksi la zamani, lichane. Boksi zima huweza kurudi sokoni likiwa na kitu bandia ndani.

6. Ukiuziwa kisicho sahihi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora, asili au mtengenezaji wa bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo huhitaji kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Maduka mengi yana kibao kisemacho “mali ikishauzwa hairudishwi”. Mnunuzi aliyebadili nia tu hana hoja kubwa mbele ya kibao hicho. Lakini aliyeambiwa “hiki ni cha kiwanda” akapewa bandia, au aliyeuziwa kitu kilichopasuka tangu dukani, asikubali kwamba kibao kimefuta haki yake.

Anza kwa muuzaji, kwa maneno ya staha. Mpelekee kipuri, boksi na risiti, ueleze kasoro, kisha useme unachoomba: kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Asipokusikiliza, andika malalamiko yenye tarehe, ubaki na nakala, na uyapeleke kwa afisa biashara wa halmashauri. Suala la bidhaa bandia na la upotoshaji hupelekwa Tume ya Ushindani, na suala la ubora na usalama hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Usikitupe kipuri kilichoharibika. Pasipo kipuri na risiti, hata malalamiko ya kweli hukosa miguu.

Wengine hunyamaza wakisema ni shilingi elfu kumi tu. Lakini breki iliyomshinda mmoja leo itauzwa kesho kwa mwingine aliye katika mteremko uleule. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili kijiweni

1. Kuna tofauti gani kati ya kipuri mbadala na kipuri bandia? Toa mfano mmoja wa kila kimoja uliowahi kukiona.
2. Pima mnyororo wa pikipiki yako, pini ya kwanza hadi ya ishirini na moja. Umepata milimita ngapi?
3. Taja nyongeza moja iliyofungwa kwenye pikipiki yako. Imetoa nini, na imechukua nini?
4. Kati ya dereva na mwenye pikipiki, mkataba wenu unasema nani anunue vipuri vya breki, na nani athibitishe aina yake? Kama hausemi, kubalianeni leo na mwandike.