Mkristo Afiaye Ugenini

Mtu wa Katogota akifa kijijini, kila mmoja ajua la kufanya. Vijana huchukua majembe, seremala hupasua mbao, akina mama huketi chini pamoja na mjane, na katekista huja na kitabu chake cha sala. Lakini watu wa bonde la Ruzizi hawafii wote nyumbani. Ng'ambo ya mto ni Burundi. Wagonjwa wengine hupelekwa Bujumbura kutafuta dawa, na wengine hufia huko. Wako waliokimbia vita tangu mwaka 1996, wakafia Tanzania katika kambi ya Nyarugusu. Wako waliopelekwa kukaa Marekani, Kanada au Australia, na habari za vifo vyao hufika kwa simu usiku wa manane. Hapo ndugu hupatwa na swali gumu: je, maiti iletwe, ama izikwe huko huko? Na mara nyingi swali hilo huleta ugomvi kabla ya kuleta sala.

Mkatekumeni hukutana na swali hilo mapema, kwa kuwa katika ukoo wake ndiye atakayeulizwa: "Na dini yako yasemaje?" Yafaa awe na jibu.

Swali. Je, Mungu ameamuru kila mtu azikwe katika nchi ya baba zake?

Jibu. Hapana. Kuwazika wafu kwa heshima ni tendo la huruma, na Kanisa lalihesabu miongoni mwa matendo saba ya huruma ya kimwili. Mahali pa kaburi hapakuamriwa.

Sababu ya heshima hiyo ni hii. Mwili wa Mkristo si gunia lililobaki baada ya unga kumwagwa. Ulimiminiwa maji ya Ubatizo, ukapakwa Krisma, ukapokea Ekaristi. Ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu, nao utafufuka siku ya mwisho. Kwa hiyo hautupwi, wala haufanyiwi haraka kama mzigo unaosumbua.

Maandiko Matakatifu yatuonyesha watu watatu wa Mungu waliofia mbali. Wa kwanza ni Yakobo. Alikufa Misri, lakini kabla ya kufa alimwapisha mwanawe Yosefu asimzike huko, bali katika pango la Makpela, alilolinunua babu yake Abrahamu kwa shekeli 400 za fedha. Waganga wa Misri wakaupaka mwili dawa siku 40, watu wakamlilia siku 70, kisha msafara mkubwa ukamchukua mpaka Kanaani. Wa pili ni Yosefu mwenyewe. Naye alitaka kurudi, ila hakuchukuliwa mara moja. Mifupa yake ilingoja Misri vizazi vingi, hata Musa alipotoka na taifa lote akaichukua, nayo ikazikwa Shekemu. Wa tatu ni Musa. Yeye alifia mlimani Nebo, nje ya nchi aliyoahidiwa, na hakuna mtu ajuaye kaburi lake. Walakini ni Musa huyo aliyeonekana pamoja na Bwana wetu mlimani, siku alipogeuka sura mbele ya mitume. Mmoja alirudishwa upesi, mmoja alikawia, mmoja hakurudi kamwe. Wala Mungu hakumpoteza hata mmoja. Katika nchi iliyopita vita vingi namna hii, na katika Katogota iliyowalilia watu wake wengi waliouawa Mei 2000, habari ya Musa yafaa isomwe polepole. Ziwa nalo halirudishi kila mvuvi.

Mfano wenye mafundisho mengi kupita yote ni wa mama Mwafrika, Mtakatifu Monika. Alikuwa mtu wa Tagaste, mji ulioko leo katika nchi ya Algeria. Mwanawe Augustino aliandikwa mkatekumeni tangu utoto, akakaa hivyo miaka mingi bila kubatizwa, huku mama akilia na kusali. Mwisho alibatizwa Milano, usiku wa Pasaka wa mwaka 387, kwa mkono wa Askofu Ambrosi. Mama na mwana wakashika njia ya kurudi kwao Afrika. Walipofika Ostia, bandari ya Roma, wakingoja merikebu, Monika akashikwa na homa. Siku ya tisa akafariki, umri wake miaka 56.

Basi Monika huyu zamani alikuwa amejitengenezea kaburi kwao, kando ya kaburi la mumewe Patrisi, na watu wote walijua jinsi alivyotamani kulala hapo. Ndugu yake Augustino alipoona mama azidiwa, alisema heri angefia nyumbani kuliko ugenini. Mama akamtazama kwa macho ya kumkemea. Akawaambia wauzike mwili wake popote, wala wasijisumbue kwa hilo. Ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba wamkumbuke altareni pa Bwana popote watakapokuwa. Na watu walipomwuliza kama haogopi kuuacha mwili mbali hivyo na mji wake, alijibu kwamba kwa Mungu hakuna mbali, na Mungu hatakosa kujua mahali pa kumfufua. Akazikwa Ostia, na sadaka ya Misa ikatolewa kwa ajili yake karibu na kaburi. Augustino alijizuia machozi mbele ya watu, lakini baadaye, akiwa peke yake mbele ya Mungu, alimlilia mama yake. Hakuona aibu kuliandika jambo hilo. Imani haikumkataza mtu kulia.

Mwaka 1430 mifupa ya Monika ilihamishiwa Roma, na ipo huko hata leo. Mwaka 1945 vijana wawili waliokuwa wakichimba shimo Ostia walikuta kipande cha jiwe la kaburi lake la kwanza. Na Augustino je? Yeye alifia kwao Afrika, mjini Hipo, mwaka 430. Lakini baadaye mifupa yake ilivushwa bahari, nayo sasa iko Pavia, nchi ya Italia. Mama aliyetaka kurudi hakurudi, na mwana aliyerudi akachukuliwa tena. Mwanadamu apanga kaburi lake, wengine walipangua.

Augustino alipokuwa askofu aliulizwa na mwenzake Paulino wa Nola kama yafaa kitu mtu kuzikwa karibu na makaburi ya watakatifu. Alimjibu kwa kitabu kizima. Maana yake kwa kifupi: mazishi mazuri huwafariji walio hai, lakini marehemu husaidiwa na sala, sadaka ya altare na mapaji kwa maskini. Hata hivyo hakuruhusu mtu kuudharau mwili.

Lakini asiseme mtu kwamba kuileta maiti ni upuzi. Watu wa Ziwa Tanganyika wanalo tendo kubwa la kukumbuka. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika kwa mtumbwi kwenye kichwa cha ziwa, wakaona kwamba Ruzizi huingia ziwani, wala hautoki. Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Hakuwa Mkatoliki, na wachukuzi wake hawakuwa na bwana wa kuwaamuru tena. Wangeweza kumzika na kwenda zao. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani kwa chumvi, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakashika njia ya pwani. Karibu na Tabora Mwingereza mmoja aliwashauri wamzike hapo, wakakataa. Mahali pengine wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Basi wakaufunga mwili mfano wa mtumba wa nguo, wakapita. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mapadri wa Roho Mtakatifu wakaipokea maiti misioni. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa London. Sifa za kazi hii ni za wachukuzi, na ni haki wanafunzi wayajue majina yao.

Karibu zaidi na nyumbani, wengi wamkumbuka Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu. Alishika kiti hicho mwaka 1997, baada ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa kuuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Mwezi wa Februari 2000 wenye kushika nchi kwa silaha walimzuia asikae Bukavu, akahamishiwa Butembo. Septemba akarudishwa kwa kundi lake, na furaha ilikuwa kubwa. Haikupita hata mwezi: tarehe 4 Oktoba 2000 alifariki Roma kwa ghafula. Mwili wake ukaletwa, nao ukazikwa Bukavu. Hapa yafaa kuangalia neno moja. Kataliko hakuzaliwa Bukavu. Alikuwa mtu wa upande wa Butembo, na huko alikuwa askofu tangu mwaka 1966. Walakini kwao pa mchungaji ni penye kundi lake. Ukoo unaogombana juu ya shamba lipi marehemu azikwe, la baba ama la mume, utazame hapo.

Sasa mambo ya kazi. Kuisafirisha maiti kutoka nchi za mbali si kama kumvusha mgonjwa Ruzizi. Yatakiwa cheti cha kifo na kibali cha serikali. Mataifa kadhaa yalipatana juu ya kibali hicho huko Berlin tarehe 10 Februari 1937: kionyeshe jina na umri wa marehemu, mahali, siku na sababu ya kifo. Mwili hutiwa dawa usioze, na kwa ndege huwekwa mara nyingi katika sanduku lenye bati ndani, lililofungwa lisipitishe kitu. Gharama yake ni dola elfu nyingi. Asiyeanza na karatasi atakesha uwanjani. Na yule anayevusha maiti kwa siri usiku, ili kukwepa maofisa, hujitia hatarini, maana kama ni ugonjwa wa kuambukiza atauleta pamoja na sanduku.

Kuhusu fedha, neno liwe wazi. Wenye uwezo wailete maiti, nao wanafanya vema. Lakini kuuza shamba la mpunga na ng'ombe wa mwisho, kisha watoto yatima wakose chakula na karo, hiyo si heshima kwa baba yao. Asemaye "tumwache huko" si lazima awe mchoyo. Huenda ndiye anayewafikiri yatima.

Wengine hawaogopi aibu, huogopa mzimu. Husema roho ya asiyezikwa kwao hutangatanga na kuwapiga watoto magonjwa. Mkristo hajui roho za namna hiyo. Roho ya marehemu iko mikononi mwa Mungu, naye humhukumu mara afapo. Ikiwa imo Toharani, yangoja sala, haingoji kurudishwa kijijini. Mtoto akiugua baada ya mazishi, apelekwe zahanati.

Ndugu wa Ulaya huuliza pia juu ya kuchoma maiti, maana ni rahisi kuleta majivu. Tangu mwaka 1963 Kanisa halikatazi jambo hilo, isipokuwa mtu akilichagua kwa kukana ufufuko. Lakini lashauri mwili uzikwe. Majivu hayatawanywi hewani wala majini, huwekwa mahali patakatifu.

Swali. Mkatekumeni akifa kabla ya Ubatizo, je, padri atamzika?

Jibu. Ndiyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yawahesabu wakatekumeni pamoja na waamini katika mambo ya mazishi. Aliyetamani Ubatizo kwa moyo wa toba na mapendo, Mungu hamkatalii wokovu. Basi mkatekumeni aendaye kutafuta kazi ng'ambo achukue barua ya katekista wake, ili parokia ya huko imjue, na akifa isimzike kama mtu asiye na watu.

Nao waliobaki Katogota, ikiwa kaburi liko Nyarugusu au Marekani, wanaweza kukutana kanisani siku ileile ya mazishi, kusali rozari, na kumwomba padri Misa ya marehemu; Misa hiyo haihitaji jeneza mbele ya altare. Majina ya waliofia mbali huandikwa kwa katekista kabla ya tarehe 2 Novemba, pamoja na mahali walipozikwa, kama panajulikana.