Chombo Kifuate Mkono



Somo letu la leo ni juu ya mkono. Vikundi vingi sasa vina kompyuta moja ya kuweka hesabu za akiba na mikopo, au ya kupiga chapa barua na kazi za wanafunzi kwa malipo kidogo. Kompyuta hiyo tunaifunika kwa kitambaa isiingie vumbi. Je, mkono wa yule anayeitumia tunautunza? Tufuate njia yetu ya kawaida: Tuone, Tuamue, Tutende.

TUONE

Katibu wa kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea alikuwa akiandika hesabu za wanachama wote peke yake, jioni, baada ya kukama na kupika. Aliketi kwenye kiti kifupi mbele ya meza ndefu ya kulia chakula. Baada ya miezi kadhaa akaanza kuamshwa usiku na ganzi, anaukung'uta mkono wa kulia mpaka damu itembee. Siku moja sufuria ya uji ikamponyoka. Mwisho wa mwaka ulipofika, hesabu hazikuwa tayari. Watu wakaanza kunong'ona: eti amekula pesa, sasa anasingizia mkono.

Mimi nilidhani nina dawa. Nilikuwa nimeona mahali mto mdogo wa kuwekwa mbele ya kibodi, basi nikamshonea mmoja, mnene na laini. Wanachama waliupenda, hata tukapanga kushona sitini tuuze sokoni. Baada ya wiki mbili katibu akaniambia, "Mwalimu, hii mto yako imeniongezea maumivu."

Tukaenda zahanati. Muuguzi aliuliza kwanza: ganzi iko kwa vidole gani? Ilikuwa kwa kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kilikuwa kizima. Hapo muuguzi akajua pa kutazama.

TUAMUE

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Sakafu yake ni mifupa midogo, na paa lake ni ukanda mgumu. Humo hupita kano tisa za kukunjia vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu unaohudumia vile vidole tulivyovitaja. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimepinda muda mrefu, au kitu kikikandamiza pale kutoka nje, mshipa huo hubanwa. Mto wangu ulikuwa unakandamiza pale pale!

Lakini tusifanye kompyuta kuwa mchawi. Kukama, kupalilia, kufua na kukamua nguo, zote ni kazi za mkono ule ule. Uja uzito na kisukari pia huweza kuleta shida hii, na wanawake huipata zaidi ya wanaume.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Katika toleo lake la mwaka 1713 alieleza jinsi makarani walivyoumia kwa kuketi muda mrefu na kusogeza mkono bila kupumzika. Wakati huo kalamu ilikuwa ni unyoya wa ndege.

Kanisa nalo limesema. Katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Na sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri apatanishe vifaa na kazi na mwili wa mfanyakazi. Kwa hivyo chombo ndicho kifuate mkono. Sisi tulikuwa tumeulazimisha mkono ufuate meza.

TUTENDE

Kabla ya kukata mbao au kitambaa, mpime mtu. Aketi wima, mabega yalegee, mkono ukunjwe kwenye kiwiko kama pembe ya daftari. Pima kutoka sakafuni hadi kiwiko. Kibodi ikae kimo hicho, au chini yake kidogo.

1. Kiti. Kama meza ni ndefu, usikate meza ya watu. Mwinue mtu kwa mto wa kukalia. Miguu ikining'inia, fundi agonge kisanduku cha kukanyagia.

2. Kibodi. Ile miguu midogo ya nyuma ikunje. Ukiiinua, mkono hupinda kuelekea juu.

3. Mto. Usizidi unene wa ukingo wa mbele wa kibodi. Mara nyingi sentimita 2 zinatosha. Urefu uwe sawa na kibodi, na upana sentimita 7 au 8. Vipande vya sifongo ya godoro vinafaa. Maharagwe yataingia wadudu. Juu yake weka shina la kiganja, si kifundo, na ni wakati wa kupumzika tu. Ukiandika, mikono iinuke na itembee.

4. Kipanya. Kikae karibu na kibodi, kimo kimoja. Usikifuate mbali kwa mkono ulionyooka.

5. Laptopu. Kioo na kibodi vimeshikana, kwa hivyo ukikiinua kioo, mikono nayo hupanda. Tengeneza stendi ya mbao ili ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, halafu tumia kibodi ya pembeni.

6. Zamu. Hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya kupumzika. Kila nusu saa simama, nyoosha vidole. Na kazi igawanywe.

Kujua kama mmefaulu, mwenzako alaze rula juu ya mkono wako unapoandika, kutoka mkono wa chini hadi mgongo wa kiganja. Ikilala sawa, vizuri. Kukiwa na pengo kubwa au rula inainuka, pimeni tena. Na kama mnataka kuuza, mtu mmoja akitumie kifaa wiki kadhaa kwanza, aseme ukweli. Sisi nusura tuuze maumivu sitini.

Ganzi ya usiku ikiendelea, au kidole gumba kikipungua nguvu, nenda hospitali mapema. Mshipa ukibanwa muda mrefu huweza kuharibika kabisa.

Katibu wetu alipewa kifaa cha kufunga usiku ili kifundo kinyooke. Wanachama wawili walijifunza kuandika hesabu, wakashika zamu naye. Hesabu zilipokamilika, hakuna hata shilingi iliyokosekana. Walionong'ona walisimama mbele ya kikundi wakamwomba msamaha. Mkono umepata nafuu, ingawa bado huchoka siku za kupalilia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani tumemwachia mtu mmoja? Mwili wake unasemaje?

2. Mwenzetu akisema anaumwa, tunamwuliza nini kwanza?

3. Ni kifaa gani tunaweza kutengeneza mwezi huu kwa mbao na vitambaa tulivyo navyo?

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.