Towe la Programu Ndani ya Dirisha: Mfano wa Uchambuzi wa Matini ya Lindi

Makala haya yanajadili namna towe la programu ya maandishi linavyoonyeshwa ndani ya dirisha la kompyuta, na hatari inayomkabili mtafiti wa lugha pale kazi hiyo inapofanywa nusunusu. Mfano unaotumika ni Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1957. Ichukuliwe kwamba programu fupi inausoma utenzi huo, inavua viambishi vya kila neno, inalinganisha mzizi na vidahizo vya Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, kisha inaandika matokeo.

Katika mfumo wa Unix, ulioanza kuundwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na katika mifumo mingi iliyoufuata, programu hutoa maandishi kwa mikondo miwili: wa matokeo na wa makosa. Kwenye konsoli, yaani skrini ya maandishi matupu, mikondo hiyo huishia mahali pamoja, na mtumiaji huiona kuwa mmoja. Dirisha haliko hivyo. Halipokei kitu mpaka mtunzi wa programu autegee kila mkondo bomba lake. Anayetega bomba la matokeo peke yake huona maandishi yakitokea, akaridhika.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Katika programu ya mfano, maneno yaliyotambuliwa hupita katika mkondo wa matokeo. Yasiyotambuliwa hutolewa kama maonyo katika mkondo wa makosa. Kwa mtafiti wa lahaja, hayo ya pili ndiyo mavuno yenyewe: msamiati wa pwani ya kusini usiomo kamusini, majina ya mahali, maneno ya Kiarabu, na (lazima ikubaliwe) makosa ya mpiga chapa. Mtafiti mwenye dirisha la bomba moja ataona utenzi wa Kiswahili sanifu kitupu, na huenda akaandika hivyo.

Tatizo la pili ni la wakati. Kwenye konsoli, maktaba ya lugha ya C kwa kawaida hutoa matokeo mstari kwa mstari. Kwenye bomba huyalimbikiza mpaka akiba ijae. Dirisha hubaki tupu, na mtumiaji asiye na subira huizima programu akidhani imekwama. Mkondo wa makosa haulimbikizwi, hivyo onyo la ubeti wa kumi laweza kutangulia matokeo ya ubeti wa kwanza. Dawa yake ni kuiamuru programu iachie akiba baada ya kila mstari, na kila onyo libebe namba ya ubeti na ya kipande. Namba hizo zikikosekana, neno geni halirudishiki mahali pake katika utenzi.

Kuhusu herufi, zitumike zenye upana sawa, la sivyo safu za vipande hupinda. Maonyo yapewe rangi yake na yahifadhiwe katika faili yake, kwa kuwa dirisha likifungwa yaliyomo hupotea.